Walichokula Dagaa wa Horini

Mjukuu wangu Salma,

Assalaamu alaykum. Huku Jadida tu wazima, alhamdulillahi, na mdogo wako keshaanza chuo. Umeuliza kwa nini nilikukatia simu uliposema planktoni ni vidudu tu.

Nilipokuwa msichana, ami yangu alitia utupa, ile sumu ya majani, katika hori letu, ule mkono wa bahari ulioingia kijijini. Samaki wakaelea, watu wakashangilia. Mama akachuja maji kwa kanga, akamwonyesha vidudu vilivyokufa, vidogo kama chenga za mchele.

"Umeua chakula cha dagaa!"

"Shemegi, vidudu hivi vina faida gani?" Ami akacheka.

Msimu ule dagaa hawakuingia horini. Ami alipokuja kuomba kitoweo, mama alimwekea muhogo mtupu. Ami akala kainamisha kichwa.

Na juzi, Salma, nimemkuta mtu mzima na akili zake anaosha bomba la dawa ya wadudu wa mboga mle mle horini! Ati, "Bibi, maji ya bahari hayaishi." Nilimfokea mpaka nikakaukiwa sauti. Kesho naenda kwa sheha, na sitoki barazani kwake mpaka amwite.

Bibi yako,
Bi Asha