Trafalga kwenye Sinia la Sambusa

Dada mpenzi Salome,

Nakusalimu kutoka Brooklyn Park, huku Marekani, ambako theluji imefunika magari na mimi nimevaa soksi tatu kila mguu. Uliniapisha, kama mjomba na mshenga wa mwanao Kevin, nisibishane na mtu yeyote mpaka posa ipokelewe. Nilijitahidi mpaka chakula kilipoletwa.

Baba yake Neema, mchumba wa Kevin, ni Mtanzania mpole anayeuguza wazee, na ametundika sebuleni picha ya vita vya Trafalga. Akasema, "Amiri mmoja tu wa Kiingereza aliwashinda Wafaransa na Wahispania baharini."

"Amiri gani, mzee wangu?" nikadakia. "Alipigwa risasi vita vikiwa vimepamba moto, na bado ushindi ukapatikana! Walioshinda ni wapiga mizinga, waliojaza baruti upesi kuliko adui!"

Nikapanga sambusa kuwa safu ya meli za adui, nikaipasua kwa mapaja mawili ya kuku.

"Mjomba, meli zako zinapoa," akasema Mama Neema. Kevin alikuwa ameficha uso. Ndipo nikakumbuka kiapo, nikarudisha mapaja ya kuku kwenye sinia.

Baba Neema akachukua sambusa moja ya Kifaransa, akaitafuna polepole. "Miaka yote hii nageuza wagonjwa vitandani, na sifa anapewa daktari," akasema. "Leo nimepata wakwe wanaowakumbuka wapiga mizinga."

Posa imepokelewa, dada yangu. Kashoneshe gauni la harusi. Nawapenda nyote, hata shemeji, ambaye hubishana nami kwa magazeti yake mabaya.

Kakako,
Josefu