Mbeleko ya Josepha

Mabruki, soma mpaka mwisho ndipo ucheke. Naandika upesi hapa njiani, mwenye baiskeli atakayekuletea barua hii ananisubiri.

Nimetoka kwa yule daktari wa watoto. Nilimpeleka mwanangu Apolinaria, maana tangu tumzike mama yake, hali chakula, hasemi, amebaki macho tu. Nilijua nitapewa dawa.

Dawa hakutoa. Kaniuliza, "Nani anambeba?"

Nikamwambia bibi yake humlisha, mimi niko shambani. Akasema, "Sikuuliza nani anamlisha."

Mtoto nilikuwa nimemfunika mbeleko ya marehemu. Daktari akaishika. "Mfunge mgongoni, baba. Zungumza naye kila siku, hata asipojibu."

Mgongoni, Mabruki. Mwanamume mzima, mbele ya wanawake wa foleni nzima. Mmoja akasema, "Shemeji, mnyonyeshe kabisa." Wakacheka.

Nilitaka kumwambia daktari awaite wale wakubwa wa boma, walionipeleka kuvunja mawe ya barabara mke wangu Josepha akiwa mgonjwa kitandani. Waje wambebe wao. Lakini nikamfunga mgongoni.

Tumepita sokoni hivyo hivyo, watu wanatazama. Tulipoishika njia ya Ntalikwa nikamsikia ananusa ile mbeleko. Sijaifua tangu msiba.

Halafu akasema. Nakwambia amesema.

Amesema, "Mama."

Ningefanyaje, Mabruki? Nimeitika "Bee," kama alivyokuwa akiitika marehemu mwenyewe.

Sasa amelala. Bado yuko mgongoni, naogopa kumfungua.