Mradi Usiohesabiwa

Jumanne, Januari 2018

Bado siamini kwamba mradi wetu wa kompyuta hautahesabiwa. Mwalimu ametwambia leo kuwa kuna watu wameweka majibu mtandaoni, kwa hiyo alama za mradi zimefutwa kwa wanafunzi wote, nchi nzima. Umebaki mtihani wa kuandika peke yake.

Dean, anayekaa nyuma yangu, alicheka. "Afadhali! Mimi hata sijaanza."

Mimi nimeanza kuandika programu yangu tangu Oktoba. Kwenye mtihani unatakiwa ueleze kwa Kiingereza kirefu, na mimi nina miaka miwili tu tangu tutoke Unguja kuja huku kwa Waingereza. Programu haijali Kiingereza changu. Nikikosea inanionyesha mstari wenye kosa, na hainicheki. Nisipofaulu vizuri, skuli haitanichukua kusoma kompyuta kidato cha tano, na mimi sina somo jingine ambalo...

Nilipomweleza mama, aliacha kukanda unga wa chapati.

"Kwani wewe umeiba majibu?"

"Sikuiba, mama."

"Sasa unaadhibiwa kwa lipi, mwanangu?"

Nikamwambia kuwa hata hivyo lazima tuumalize mradi, ndiyo sheria.

"Makubwa haya," akasema, akarudi kwenye unga wake.

Sikumwambia kwamba mchana programu yangu ilikubali kwa mara ya kwanza, bila kosa hata moja. Mwalimu alisimama nyuma yangu akaisoma yote, akasema ni nzuri sana. Halafu akaniomba radhi. Nilitamani angenyamaza.