Mwanamke wa Kuni Kitabuni

Mwende wangu,

Huku Mbooni tu wazima, na maharagwe yametoa maua. Umeuliza kama nimewahi kuona kitabu cha kale kama hicho ulichoonyeshwa chuoni. Nimekiona!

Nilipokuwa msichana mdogo shuleni, mwalimu wetu alikuwa nacho, cha Mzungu aliyezunguka Asia zamani sana. Alipokifungua niliona picha ya mwanamke amebeba kuni mgongoni, mkanda ukipita kwenye paji la uso, vile vile mama alivyobeba zake.

"Huyu ni mama!" nikapiga kelele.

"Ni wa Nepal," mwalimu akacheka.

Nilikimbia nyumbani kumwambia mama. Akauliza, "Anaitwa nani?"

Kesho yake tulisoma ukurasa wote na mwalimu. Mzungu alikuwa ameandika uzito wa kuni, jina hakuandika.

Mama aliposikia akasema, "Basi hakumsalimia."

Ni mimi bibi yako, susu wako,
Kalunde