Hati Nataka, Kuuza Sitaki

Jumanne, 10 Juni

Mahamri hayakuumuka. Hamira mbaya, au mkono wangu. Niliyauza hivyo hivyo pamoja na mbaazi, na hakuna aliyelalamika ila mimi mwenyewe.

Nilikuwa naosha sufuria kaka Abubakar alipopiga simu kutoka Mombasa. Amepata mnunuzi wa shamba la Tezo. Tajiri mwenye hoteli huko Kikambala, analitaka lote kwa mpigo mmoja. Baba alifariki mwaka jana na urithi haujagawanywa, kwa hivyo lazima tukubali sote watatu: yeye, mimi, na mdogo wetu Swaleh aliye Malindi. Swaleh hana neno. Swaleh hukubaliana na aliyezungumza naye mwisho.

Nikamuuliza, na wanaoishi pale je? Akasema, "Wale watahama."

Wale. Wamezaliwa pale, na wazazi wao wamezaliwa pale. Babu alipolipata shamba aliwakuta. Wakalima, wakampelekea babu nazi, kisha baba, na hati ikakaa kwetu. Nimesema nitafikiri. Nimekasirika kuliko nilivyotarajia.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda Tezo. Mvua imefanya kazi yake. Mahindi yamefika kifuani, kunde zimetambaa kila mahali. Kadzo alikuwa akipalilia. Ni rika langu. Tulicheza pamoja utotoni baba alipokuja kuangalia minazi. Sasa ana wajukuu. Mimi sikujaaliwa mtoto, na mume nilimzika zamani.

Alinipa mhogo wa kuchemsha na chai ya rangi. Akanionyesha mikorosho aliyoipanda marehemu mumewe. Akaongea habari za mwaka ujao, atapanda nini na wapi. Sikuweza kumwambia. Nilikula mhogo wake kama mwizi.

Jumamosi, 14 Juni

Kuna jambo linanizunguka kichwani. Hapa Takaungu kisima cha msikiti hakina bei. Minazi ya msikiti haina bei. Matajiri wangapi wamepita hapa, wamenunua ufuo, wamenunua magofu, wamenunua hata njia tuliyopita kwenda kuogelea. Kisima hawakukinunua. Si kwa kuwa hawakukitaka. Hakuna wa kuwauzia.

Nikaenda kwa Maalim Famau, anayesomesha Kurani chuoni. Kijana kutoka Pate. Ningepata mwana, angekuwa rika lake. Alinieleza huku amempakata mtoto wake: mali ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, hapewi mtu ikawa yake. Yanayogawanywa ni manufaa tu. Lakini mtu huweka wakfu kilicho chake. Fungu la ndugu zangu si langu.

Na fungu langu ni nusu ya fungu la kila mmoja wao. Hata hivyo nimerudi nyumbani mwepesi.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemwambia kaka. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Zuhura, dunia ya leo haiendi kwa sadaka. Kila kitu kina bei. Usipokiuza wewe, atakiuza mwenzio."

"Na walipofungua lile duka kubwa mbele ya duka lako, ulifurahi?"

Duka lake la vyombo linakufa. Wateja wake wa miaka mingi wanapita mlangoni, wanamsalimia vizuri, wanakwenda kununua ng'ambo ya barabara. Hakosei akisema dunia iko hivyo. Imeanza kumla yeye. Nimemwonea huruma, na hasira nayo ipo pale pale.

Jumapili, 22 Juni

Tezo. Niliwakusanya wote mbele ya nyumba ya Kadzo. Nikawaambia habari ya mnunuzi. Kisha habari ya wakfu: sehemu yangu haitauzwa milele, watalima wao, watoto wao, na wajukuu zao. Nikangoja vigelegele. Nasema kweli, nilivingoja.

Nikasikia kuku tu.

Katana, mwanawe Kadzo, mwashi, akasimama. "Bi Zuhura, kwa nini sisi tu ndio tusiwe na hati? Nyinyi mnayo, mkitaka kuuza mnauza. Sisi mnatupa ili mpate thawabu."

Kadzo akaongezea, wala hakuinua sauti. "Tulikuwa wa babu yako, tukawa wa baba yako. Sasa tutakuwa wa Mungu, na ufunguo utaushika wewe."

Watu wakacheka kidogo. Si kwa ubaya. Nimerudi Takaungu uso ukiniwaka.

Jumatatu, 23 Juni

Sikupika. Wateja wamebisha hodi, wamechoka, wamekwenda. Watu wasio na shukrani. Nimeliandika, basi.

Alhamisi, 26 Juni

Nimelisoma neno la juzi nikaona haya. Kadzo amesema kweli. Nilitaka kutoa, na nibaki kuwa mwenye kutoa. Mali kutouzwa ni jambo moja. Nani anayeamua ni jambo jingine, na hilo la pili sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

Jumapili, 29 Juni

Kadzo amekuja. Mara ya kwanza kuingia nyumbani kwangu. Miaka yote mwenye kwenda ni mimi, na hilo sikuwahi kulitambua. Alikataa viti vya sebuleni, akanifuata jikoni, akavuta mbuzi akaanza kukuna nazi mimi nikichagua mchele.

Akanisimulia habari ya shamba moja la jirani. Watu walipewa hati, kila mtu yake. Wakacheza ngoma. Kisha mmoja akauza kwa ajili ya matanga, mwingine kwa ajili ya karo, mwingine kwa sababu jirani ameuza na ukuta umemzunguka. Leo wanalima kwa kibarua pale pale walipozaliwa, na mwenye shamba hawajapata kumwona sura.

"Kwa hivyo hati huitaki?"

"Hati nataka. Kuuza sitaki. Kipo kitu kama hicho?"

Sikujua. Tukaanza kukitunga wenyewe. Yeye ndiye aliyekumbuka ada ya zamani ya pwani hii, mnazi kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwenyewe mwingine. Ada hiyo iliwaumiza watu wake sana. Basi tuigeuze. Mti, nyumba, kila ulichokifanya kwa mkono wako, chako na cha watoto wako. Ardhi iwe ya wote, hati moja, kwa jina la ushirika wao. Mtu akiondoka, wenzake wamfidie jasho lake, ardhi haimfuati. Asiingie mnunuzi wa nje. Mambo yaamuliwe kwa kura.

"Na mimi?" nikauliza.

"Ukitaka kuingia, ingia. Kura moja."

Nilidhani anatania. Hakuwa akitania. Wali wa nazi ulitoka vizuri.

Jumamosi, 5 Julai

Kadzo alipiga simu asubuhi: watu wamo shambani na vigingi. Nikafunga mlango, nikaenda mbio.

Vijana wa yule tajiri walikuwa wamepigilia vigingi kutoka barabarani hadi karibu na kisima. Minazi wameitia rangi nyekundu. Hatujagawana, hatujaafikiana, na tayari wanapima. Katana alikuwa na panga mkononi. Niliogopa. Pigo moja tu, na habari yetu yote ingeishia mahakamani.

Kadzo alimnyang'anya mwanawe lile panga mbele za watu. Kisha wanawake wakaanza kung'oa vigingi kimoja kimoja. Wakavipanga kando ya barabara vizuri kama kuni za kuuza.

"Wasije wakasema tumewaibia," alisema Kadzo.

Wale vijana walipiga picha, wakapakia vigingi vyao, wakaondoka. Rangi imebaki kwenye minazi.

Jumanne, 8 Julai

Kikao cha ndugu watatu, hapa hapa katika nyumba ya baba. Maalim Famau alikuwa shahidi. Kaka amekonda. Alikubali kwamba ndiye aliyewaruhusu wapimaji. Alishampa tajiri neno lake, na alitumaini sisi tutamfuata.

Sikumgombeza. Nilikuwa nimelala na maneno yangu siku kadhaa. Nikamwambia, chukua fungu lako upande wa barabara, uza. Ni haki yako, na sitaki kukuona umeangamia. Lakini fungu la Swaleh nalitaka mimi, niliunge na langu.

Swaleh akashangaa. "Dada, una nini cha kunipa?"

"Fungu langu la nyumba hii."

Nyumba hii ndimo ninamokaa. Ndimo ninamopika. Swaleh alijua hapati sawasawa. Fungu lake la shamba ni kubwa kuliko langu la nyumba. Mara hii hakumtazama kaka kwanza. Alifunika uso kwa kofia yake, akalia. "Utakaa wapi, dada?"

Nikasema nitaomba Tezo, kwa wenye ardhi. Sikuwa na hakika kama watanipa.

Abubakar aliridhia. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni alisema, "Siku moja watakutoa, Zuhura." Labda.

Jumapili, 20 Julai

Mambo ni mabaya kuliko nilivyodhani. Ndani ya fungu la kaka mna nyumba mbili za watu. Ya Nzai na ya Kazungu.

Nzai amekubali fidia ya tajiri. Anahamia Mtwapa kwa mwanawe, habari ya ushirika hataki kuisikia. "Cha wote si cha mtu," alisema. "Kitaoza." Ni maneno ya kaka kwa sauti nyingine. Kazungu hataki fidia na hana pa kwenda.

Mkutano uligombana mpaka adhuhuri. Wote waliafiki Kazungu apewe mahali. Hakuna aliyetaka mahali hapo pawe kwake. Huyu ana mihogo, yule ana mikorosho inayokaribia kuzaa. Katana akasema yeye alitaka hati yake mwenyewe tangu mwanzo ili aepuke mambo kama haya. Baadhi walimpigia makofi. Nilifikiri, basi, imekufa kabla haijazaliwa.

Kadzo akauliza, "Ardhi ni ya wote, au ni ya wote mpaka ifike kwenye mihogo yangu?"

Baadaye mwanamke mmoja akasema atasogeza mpaka wake. Kidogo tu. Kisha jirani yake. Kisha wengine, kwa manung'uniko. Alasiri walikuwa wanapima kwa kamba, na aliyeishika kamba ni Katana. Alilalamika mpaka mwisho, lakini alipima kwa haki.

Makaburi ya hawe zake Kazungu, mabibi zake, yatabaki ng'ambo, kwa tajiri. Kaka ameomba kwa niaba yetu waruhusiwe kuingia kufyeka. Tajiri amesema ataona. Kazungu alisimama pale muda mrefu. Hili hatukulitatua.

Ijumaa, 15 Agosti

Ushirika umeandikishwa. Nilitia sahihi kwa wakili mjini Kilifi, nikatoa langu na lililokuwa la Swaleh. Hati mpya itachukua muda. Ofisi ni ofisi.

Jina lilileta ubishi. Nilidhani watataka la babu. Hata halikutajwa. Nilishangaa kidogo, kisha nikashangaa kwa kushangaa kwangu.

Nilidhani nitajisikia kitu kikubwa baada ya kutia sahihi. Nilisikia njaa. Nikanunua viazi karai, nikala nimesimama.

Jumatano, 27 Agosti

Nimehama. Katana amenijengea chumba na ukumbi mdogo karibu na kwa mamake. Nilimlipa kama mteja mwingine, naye akachelewa kama fundi mwingine. Swaleh alikuja na gari kubeba kitanda na masanduku. Kaka hakuja, lakini amenitumia sufuria mpya kutoka dukani kwake. Kubwa, ya kupikia watu wengi. Nimeitazama sana. Nimempigia simu kumshukuru, tukaongea habari za afya tu.

Jumapili, 14 Septemba

Mkutano wa kwanza baada ya mavuno. Kilichouzwa kwa pamoja kimetosha kufanya jambo moja. Mimi nilitaka tangi la maji ya mvua. Nilikuwa nimejiandaa, nikaeleza kwa urefu habari ya kiangazi na foleni kisimani. Walisikiliza kwa adabu. Wengi walitaka kinu cha kusagia mahindi, wasiende tena mpaka mjini na magunia kichwani.

Tukainua mikono. Wa tangi tulikuwa wachache. Kadzo aliinua wake kwa kinu, ameketi bega kwa bega nami. Katana akatangaza, wakapita kwenye jambo lililofuata: mbuzi wa nani wanakula kunde za Kazungu. Hakuna aliyegeuka kuangalia uso wangu.

Jioni jua lilipopoa tukasomba mawe ya msingi wa kinu. Langu halikuwa kubwa. Kazungu alikuwa akipanga. Nilimuuliza niliweke wapi, akanionyesha pembe ya kaskazini. Nikaliweka, nikarudi kuchukua jingine.