Turubali la Banda la Mbuzi

Jumatatu, 5 Januari
Maji, majani makavu, konzi ya tende na dagaa wakavu kwa kila mmoja, kama wafugaji wa Kiarabu wa huku wanavyolisha. Mbuzi wote sita wamekula. Upepo wa milimani umeanza, na hapa nje ya mji wa Nizwa hauna huruma. Kati yao, Kidoti ana mimba ya miezi minne. Nilimlea kwa chupa, mama yake alipokufa. Nimefunga banda zima kwa turubali, hata mlangoni.

Jumatano, 7 Januari
Zuwena, mke wangu, kachungulia bandani. "Bwana, umewajengea mbuzi hamamu ya mvuke?" Ana haki ya kucheka, kakulia Kigali, baridi kaizoea. Mimi mtoto wa Ng'ambo, Unguja. Sweta nilivaa mara ya kwanza ukubwani, hapa. Baridi naiogopa kama nyoka. Nimeongeza turubali la pili.

Ijumaa, 9 Januari
Kikohozi. Beberu mdogo kwanza, kisha wawili. Nimeziba hata tundu la dirisha.

Jumamosi, 10 Januari
Beberu mdogo kafa. Kalala ubavu, povu puani. Kidoti anakohoa, hali kitu. Akifa, na mtoto anakwenda naye. Naogopa. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumapili, 11 Januari
Daktari wa mifugo kaja, binti mdogo. Kaingia bandani, katoka mbio anafuta machozi. "Ami, humu hata mimi nisingepona! Hebu simama ndani uvute pumzi." Nikasimama. Harufu ya mkojo ilinichoma macho. Siku zote hizi nilikuwa naweka chakula na kukimbilia ndani kwa baridi. Sikuwahi kukaa humo hata dakika mbili. Kasema mbuzi aliyeshiba, aliyelala pakavu, baridi yetu haimuui. Hewa mbovu inamuua. Kidoti kadungwa sindano. Kupona si hakika.
Beberu nimemuua mimi.

Jumatatu, 12 Januari
Turubali limebaki upande wa kaskazini tu, upepo unakotokea. Matandiko mabichi nimeyatoa, nimetandika majani makavu. Kidoti bado hali. Nimeweka sikio kifuani mwake: pumzi inalia kama karatasi inayokunjwa. Zuwena, mwenye mizaha, kapiga magoti kamshikia kichwa. Hilo limenitisha zaidi.

Alhamisi, 15 Januari
Asubuhi Kidoti kala majani, kidogo. Kisha kajilaza juani, akaanza kucheua. Nimekaa juu ya ndoo, koti juu ya koti, namtazama taya. Nikamwekea kiganja tumboni, upande wa kulia. Nikangoja sana. Mtoto kapiga teke.