Mchele wa Mama, Ofisi ya Tonton

Jumatatu, 16 Agosti 1999

Nimefagia, nimeosha vyombo. Sijamwambia mtu yeyote: sitaki kazi ya ofisi. Nataka kuuza mchele na mama, soko la Kadutu. Papa amerudia tena kwamba tonton, ndugu yake, ananitafutia nafasi ya kupiga mashine ya kuandikia kwenye ofisi yake parokiani. Nikainamisha kichwa. Papa ni mtumishi wa serikali. Tangu vita vianze hajalipwa. Tunakula kwa meza ya mama sokoni, lakini kwa papa ile si kazi, ni kujisaidia tu. Inaniudhi.

Jumatano, 18 Agosti

Mama ana homa. Nimeuza peke yangu. Nilijaza kopo, nikasawazisha mchele kwa kiganja, sawasawa kabisa. Wateja wakahama. Maman Furaha wa meza ya jirani akacheka.

"Mutoto, unapangusa mucele sawa mwalimu anapangusa tableau. Weka mulima juu."

Kumbe kopo hujazwa hadi kilele, kisha matabishi, konzi moja ya nyongeza. Miaka yote ya section commerciale, masomo ya biashara shuleni, hakuna aliyenifundisha. Nililia nyuma ya magunia.

Ijumaa, 20 Agosti

Barabara imefungwa huko Sange kwa sababu ya vita. Mchele wa Luberizi haupandi kufika huku mjini. Mwenye depo kubwa amefunga mlango, anangoja bei ipande. Shuleni tulichora ngazi ya biashara: makampuni juu, biashara ya mtu mmoja chini. Wenye meza hawakuwemo kabisa. Tukaandika pia kwamba kazi ya biashara katika jamii ni kuwafikishia watu wanachohitaji. Basi nani anaifanya? Mama bado dhaifu, lakini ameleta maharage ya Katana badala ya mchele, na kilele hajakipunguza. Nikamwambia apunguze.

"Vita itaisha, watu watabakia. Watakumbuka nani?" mama akauliza.

Nilikasirika kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 21 Agosti

"Lundi, kesho kutwa, unaanza kwa tonton," papa amesema. "Nimeshatoa neno."

Nikaenda kufagia uwanja. Najichukia.

Jumapili, 22 Agosti

Misa. Vumbi. Papa amenipigia pasi blauzi nyeupe mwenyewe, taratibu, makaa yasiiunguze. Nilimhurumia. Baadaye jikoni mama akasema bila kugeuka, "Nimekuachia upande wa kushoto wa meza." Sikuwa nimemwambia.

Kesho nitavaa blauzi hiyo. Nitashuka hadi njia panda, nigeukie Kadutu. Jioni nitamwambia papa kwa mdomo wangu. Mpaka hapo, daftari, asijue mtu.